Nyota Tano kwa Jina la Leah

Kabeza, Kigali
17 Machi 2024

Mwanangu Careen,

Nakusalimu, na kupitia wewe nawasalimu wote wanaokuuliza habari zetu huko Dar es Salaam. Sisi tupo. Duka nimelifungua tena, maana shule zinaendelea na watoto wanataka madaftari. Huwezi kuwaambia wasubiri mzee amalize kulia. Dada yako Umuhoza amerudi kwake Kamembe. Safari ni ndefu na yeye ana mimba changa, lakini kabla ya kuondoka alinipikia maharage ya wiki nzima na kunibandikia karatasi kwenye kila kopo jikoni, kana kwamba sijawahi kuishi katika nyumba hii. Baba yako alinipigia kutoka Karagwe. Bado anakohoa, ila anasema vidonge unavyomtumia vinamsaidia. Mungu akuongezee.

Rambirambi zako zilifika. Najua kazini hawakukupa ruhusa ya kuja kuzika. Usijilaumu. Mama Mkubwa wako Leah hakuwa mtu wa kuhesabu nani amekuja na nani hakuja. Mimi nimebaki na mambo yake madogo ambayo sijui niyaweke wapi. Sukari ya chai yangu alikuwa akiipima kwa mgongo wa kijiko, akisema daktari ameniruhusu huo mgongo tu. Sasa napima mwenyewe, na kila siku inazidi au inapungua.

Nije kwenye jambo linalonisumbua.

Tulipotoka makaburini tulikwenda kunawa mikono, kama desturi ya huku ilivyo, katika ile bustani ya kukodi karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Watu wananawa, wanakaa, wanakunywa kitu, kisha mkubwa wa familia anasimama kumsemea marehemu. Mzee Mugenzi ndiye aliyesimama. Kumbe hema la pili, lililopakana na letu, wenye bustani walikuwa wamewapa watu wa harusi. Mugenzi alipofungua mdomo, msemaji wa upande wa pili akaanza kuwasifu ng'ombe wa mahari kwa kipaza sauti, ngoma zikapigwa, vigelegele vikafuata. Mugenzi akakaa. Akajaribu tena, akakaa. Bwana mmoja wa suti aliyekuwa amechelewa akaingia kwetu akidhani ndiko kwenye sherehe, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Hongera mzee, mmepata mkwe!" Nikamwambia asante. Ningemwambia nini? Basi Leah hakusemewa neno hata moja. Tulikunywa chai, tukatawanyika.

Baadaye nilimfuata meneja wao, Bizimana, kijana mwenye adabu. "Ihangane mzee," akaniambia, yaani pole, jikaze. "Andika kwa ukurasa yetu. Huko ndiko tunasikilizaga wateja." Simu yangu ni ya vitufe, kwa hiyo nikachukua ya Leah. Natacha, binti wa jirani, akanifungulia huo ukurasa. Niliandika kama tulivyolelewa: kwanza unamshukuru mtu, ndipo unamlaumu. Nikasema hema lilikuwa safi na chai ilikuwa moto, nawashukuru. Halafu nikaeleza habari ya harusi na ya mke wangu, bila tusi. Mwishoni kulikuwa na nyota za kubonyeza, na Natacha alikuwa ameitwa na mama yake. Kumpa mtu nyota moja niliona ni kama kumsalimu kwa mkono wa kushoto. Nikabonyeza zote tano.

Kesho yake walijibu. Nakunakilia kama ilivyo: "Mpendwa Leah, asante kwa maneno yako matamu! Tunafurahi kuwa sehemu ya siku yako ya furaha. Karibu tena na tena!"

Careen, baba yako anasema kazi yako ndiyo hiyo, kusikiliza wateja wa makampuni kwenye mitandao. Nieleze, mwanangu. Aliyejibu alisoma? Nauliza kwa karatasi kwa sababu ile simu nimeanza kuiogopa. Barua nampa dereva wa basi la Dar, na jibu lako mpe huyohuyo.

Baba yako mkubwa,
Laurean


Dar es Salaam
28 Aprili 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi ni mzima, ila mvua za mwaka huu zimetutesa, chumba changu kiliingia maji mpaka kwenye godoro. Samahani kwa kuchelewa. Dereva alinitafuta wiki tatu zilizopita, nikawa kila siku nasema nitaandika kesho. Si kawaida yangu kushika kalamu, mwandiko wangu umeharibika.

Baba Mkubwa, pole sana kwa hilo lililotokea. Nilisoma kuhusu yule bwana wa suti, nikafunga barua, nikaenda kukaa nje.

Umeuliza kama aliyejibu alisoma. Nitakueleza kwa ujumla tu, jinsi ofisi hizi zinavyofanya kazi. Maoni yanaingia mengi mno, kutoka nchi hii na nyingine. Mashine inayagawa kabla hatujayaona. Yenye nyota moja na mbili yanaingia kwenye kapu la moto. Hayo yanasomwa neno kwa neno, bosi amesimama nyuma ya kiti chako, kwa sababu mteja mwenye hasira anaweza kuwakimbiza wengine mia. Yenye nyota tano yanaingia kwenye kapu la asante. Huko kuna majibu yaliyokwisha andikwa, unachagua moja na kulituma. Mtu wa kapu la asante husoma mstari wa kwanza. Akiwa na muda, wa pili. Wewe mistari yako ya kwanza ilikuwa ya shukrani.

Kwa hiyo yeyote aliyejibu hakuwa na nia mbaya. Alimwona mama anayecheka kwenye picha na nyota tano, akamfurahia. Ndivyo ilivyo.

Ningekushauri uyafute tu hayo maoni na kuupumzisha moyo. Natacha anajua jinsi ya kufuta.

Hiyo bustani sijui ni ofisi gani inayoishughulikia. Ofisi za aina hii ziko nyingi.

Baba anaendelea na dawa. Nisalimie Umuhoza, mwambie ale vizuri.

Mwanao,
Careen


Kabeza, Kigali
9 Juni 2024

Mwanangu Careen,

Marahaba. Pole na maji ya chumbani; usilalie godoro lenye unyevu, kifua cha baba yako kilianza hivyohivyo. Huku kiangazi kimeingia na vumbi limerudi kwenye madaftari. Umuhoza anaendelea vizuri, daktari amemkataza safari mpaka ajifungue. Nashukuru kwa maelezo ya makapu mawili. Nimeyaelewa. Nilikuwa sijajua kwamba ili mtu akusome lazima kwanza umtukane.

Nilitaka kufuta kama ulivyoshauri, lakini sasa kufuta hakutoshi.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka kuchukua kalamu za wino kwa jumla. Pale njia ya Kabeza inapokutana na barabara kubwa nikamwona Leah. Yuko juu ya bango, mkubwa kuliko mlango wa kanisa, anacheka. Ni picha ya siku ya mahafali yako, ile aliyokuwa ameiweka kwenye simu yake, inayotokea kando ya jina lake kila akiandika. Unakumbuka alivyokuwa akifunika mdomo kwa kiganja kila akicheka, kwa sababu ya lile jino? Siku yako alisahau kufunika. Chini yake wamechora nyota tano na maneno haya: "Hema safi, chai moto. Nawashukuru. — Leah." Halafu jina la bustani, na neno kwamba wao ni watu wanaosikiliza.

Nilisimama mpaka kijana wa pikipiki akaniuliza kama nataka kupanda.

Sasa kila mtu ameliona. Muuza nyanya aliniambia, "Mzee, mama anang'aa huko barabarani!" Hajui, ni mgeni hapa. Wanaojua ndio wabaya zaidi. Nyiramana, aliyekuwa akiimba kwaya na Leah, amehamia benchi lingine kanisani. Nikamfuata nje kumsalimu. "Laurean," akasema, "hata miezi minne haijaisha. Wamekupa nini?" Nikamwambia hawajanipa kitu. Akanitazama kama mtu anayetazama mfuko uliotoboka.

Nilikwenda kwa Bizimana, sikumkuta. Askari wa getini akasema matangazo hayatengenezwi hapa, yanatengenezwa Dar, kwenye ofisi ya vijana fulani. Dar ni kubwa, najua.

Nina ombi moja tu. Umuhoza akishajifungua atakuja kwa misa ya mwaka wa mama yake, mwezi wa pili. Kutoka kituo cha mabasi mpaka kwangu hakuna njia nyingine ya gari, atapita chini ya bango hilo. Nataka liwe limeshuka. Wewe unawajua watu wa kazi hizi na unajua pa kubisha hodi. Nisaidie lishuke kabla mtoto wangu hajaliona.

Baba yako mkubwa,
Laurean


Dar es Salaam
14 Juni 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Naandika haraka, dereva anasubiri nje. Nimeelewa. Tafadhali usiandike tena kwenye ukurasa wao, usiende kwa mwanasheria, usimwambie Umuhoza. Nipe muda kidogo, nitaona la kufanya.

Je, huyo askari alikutajia jina la ofisi? Alikutajia jina la mtu?

Careen


Kabeza, Kigali
14 Julai 2024

Mwanangu Careen,

Salamu nyingi. Safari hii hukuniambia habari za afya yako wala za baba yako, basi nitadhani mko wazima. Mimi goti linanisumbua nikipanda mlima wa Kanombe, vinginevyo sijambo. Nimeanza kula kwa mama mmoja wa jirani kila mchana, kwa sababu kupika chakula cha mtu mmoja sijui. Nikipima, kinatoka cha wawili.

Hapana, sikutajiwa jina la ofisi wala la mtu. Wala sikuwa nimeuliza.

Careen, ile picha mlikuwa wawili. Mama Mkubwa wako alisafiri kutoka hapa mpaka Dar akiwa na kile kikapu cha ndizi alichokataa kukiweka chini ya basi, akakipakata njia nzima, na mlipopigwa picha ulimwekea mkono begani. Kwenye bango umekatwa. Lakini aliyekukata hakuweza kuuondoa mkono, maana angekata na bega la Leah. Upo pale barabarani, na ile bangili ya shaba aliyokupa. Kila jioni nafunga duka napita, nauona.

Sitaki unijibu juu ya hilo. Natamani ungeniuliza jambo jingine. Tangu azikwe hujaniuliza alikufaje, alisema nini, alikuwa na sura gani. Nitakwambia hata kama hukuuliza. Siku ya mwisho alitaka achanwe nywele. Mimi sijui kuchana, nikamvuta, akasema, "Afadhali Careen, alikuwa analia lakini alikuwa anatulia." Alikuwa akikumbuka ulipokaa kwetu Karagwe kabla hatujahamia huku, mama yako alipofariki, ulipokuwa ukikaa katikati ya magoti yake na chanuo la mbao. Hayo ndiyo aliyosema. Kuna watu wanasema maneno makubwa wakati huo. Yeye alisema hayo.

Ombi langu ni lilelile. Bango lishuke kabla ya misa ya mwaka.

Baba yako mkubwa,
Laurean


Dar es Salaam
22 Septemba 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Hongera kwa kupata mjukuu. Baba alinipigia kunipa habari, akawa anacheka na kukohoa kwa pamoja. Mpe Umuhoza salamu, mwambie zawadi ya mtoto nitaituma. Mimi nipo. Kazi ni nyingi. Mwezi wa saba walinipa mkataba wa kudumu, wa kwanza ofisini katika kundi letu, kwa hiyo sasa dawa za baba zina uhakika, hata akihitaji hospitali.

Nimechelewa kwa sababu kila nikianza barua hii naichana.

Nilipoiona picha yake kwenye kapu nilishtuka kwa furaha, Baba Mkubwa. Sikuwa nimemwona tangu mahafali. Kuzika sikuja. Nikaona anacheka, nyota tano, hema safi, chai moto, nikadhani ulikuwa unawashukuru kwa kumzika vizuri, nikatuma jibu la kwanza kwenye orodha bila kulisoma. Wiki hiyo bosi alikuwa anatafuta uso wa mteja wa kweli, si wa kununua. Nikasema ninao. Nilidhani namheshimu. Watu wangempita kila siku wakimwona mzuri. Mistari mingine nilikuja kuisoma barua yako ya kwanza ilipofika, na wakati huo bango lilikuwa limekwisha chapishwa na kulipiwa.

Sasa nikueleze jinsi linavyoweza kushuka. Upo utaratibu, na ni rahisi. Mwenye akaunti anatuma ujumbe kutoka kwenye akaunti yake, anasema hataki tena picha yake itumike. Hawaulizi sababu. Ndani ya wiki mbili linashuka. Chukua simu ya Mama Mkubwa uandike hivi: "Mimi Leah, naomba picha yangu iondolewe kwenye matangazo yenu." Maneno hayo tu. Usiandike kwamba amefariki. Nakuomba sana. Ukiandika hivyo ujumbe utapelekwa juu, wataitisha maoni yako yote, watayasoma safari hii, na watauliza ni nani aliyechukua kilio cha mtu akakifanya tangazo la biashara. Jina litakalotoka ni moja. Bosi wangu hana mzaha, na mwenye bustani ndiye mteja wetu mkubwa wa huko. Baba ataishi kwa kitu gani?

Mstari mmoja tu, Baba Mkubwa. Yeye mwenyewe angekuwepo angeniandikia.

Mwanao,
Careen


Kabeza, Kigali
10 Novemba 2024

Mwanangu Careen,

Nakusalimu. Mtoto wa Umuhoza anakua, nimeletewa picha, ana paji la uso la kwetu. Mvua imerudi, na duka linavuja upande wa rula na bikari. Nafurahi kwa mkataba wako. Nasema kweli, nafurahi.

Nilijaribu. Jumapili baada ya misa niliketi sebuleni na simu ya Leah, Natacha pembeni yangu. Niliandika "Mimi Leah" nikasimama.

"Mzee, malizia tu," Natacha akasema. "Ni mstari moja."

"Natacha, hili jina ni la nani?"

"Ya Mama Leah."

"Na Mama Leah yuko wapi?"

Akachezea kucha zake. "Mzee, kwa simu hakuna mtu anaulizaga hiyo."

Mtoto wa watu hakusema vibaya. Lakini mkono wangu ulikataa. Mimi nilimfunga macho kwa vidole vyangu hivi. Leo nimfanye azungumze, aombe yeye mwenyewe aondolewe, tena kwa adabu, kwa watu waliomnyima neno moja siku ya kuzikwa kwake? Nilifuta yale maneno mawili nikairudisha simu kwenye kabati la nguo zake.

Siku iliyofuata nikaenda kwa Bizimana. Aliponiona alisimama na kufungua mikono. "Mzee wa nyota tano! Kaa, kaa. Unakunywa fanta gani? Hii bango yako imetuletea maharusi, kila Jumamosi imejaa mpaka mwezi wa tatu!"

Nikamwambia, "Mwanangu, yule mama wa kwenye bango ndiye tuliyemzika siku ile. Nilikuja kwako, ukaniambia niandike."

Chupa ikabaki hewani. "Yesu we." Akakaa. Akatazama mlango. "Mzee, bosi akijua hii, mimi nimekwisha." Halafu, kwa sauti ya chini, "Ungeandika tena kwa ukurasa. Lakini sasa weka nyota moja."

Nilicheka, Careen. Sikutarajia kucheka mle ndani. Na yeye akacheka kidogo, kwa woga. Kisha akapata wazo. "Kosa si yetu. Kosa ni ya Dar. Leo hii naandikia wao, wanitajie nani alichagua hii picha. Huyo ndiye atabeba, na bango itashuka kesho asubuhi."

Alikuwa ameshika simu tayari. Unaona jinsi lilivyokuwa jambo dogo. Ningenyamaza tu, ningekunywa fanta yangu, na kesho yake Leah angekuwa ameshuka.

Nikamwambia aache. Akashangaa. "Sasa mzee, unataka nini?" Nikamwambia sina ninachotaka, nilikuja kusalimia. Alinisindikiza mpaka getini, na nadhani ameamua kwamba kufiwa kumenichanganya akili. Bango la pili wameliweka Kibagabaga, aliniambia njiani kabla hajakumbuka kuona haya.

Basi, mimi njia yangu nimeifunga. Iliyobaki iko mikononi mwako. Wewe unaweza kusema kwa jina lako. Sikuhukumu ukishindwa, nakumbuka kifua cha mdogo wangu kinavyolia usiku, na sikukusomesha shule mimi, alikusomesha yeye. Lakini misa ni tarehe kumi na tano mwezi wa pili.

Baba yako mkubwa,
Laurean


Kabeza, Kigali
23 Februari 2025

Mwanangu Careen,

Natumaini hujambo, na kwamba baba yako amemaliza vipimo alivyokwenda kufanyiwa Mwanza. Kadi yako ya Krismasi ilifika. Ilikuwa na picha ya kengele na jina lako. Niligeuza upande wa pili, kulikuwa hakuna kitu, nikajua hujasema.

Misa ya mwaka tuliifanya. Watu walikuja wengi kuliko nilivyodhani. Nyiramana hakuja, ila alimtuma mwanawe na kikapu cha viazi.

Umuhoza alifika siku moja kabla, jioni, na mtoto mgongoni. Nilikwenda kituoni kumpokea. Njia nzima kwenye teksi nilimwongelesha, nilimwonyesha hiki na kile upande wa pili wa barabara, nikauliza habari za meno ya mtoto. Akawa ananijibu. Tulipofika pale njia panda alisema, "Dereva, simama." Akashuka. Alisimama chini yake muda, mtoto amemwegemea shingoni. Magari yalikuwa yanapiga honi.

Aliporudi hakufunga mlango. "Baba, walikulipa?"

"Hawakunilipa."

"Basi uliwapa bure?"

Nikanyoosha mkono nifunge mlango, akauzuia.

"Nani ametengeneza kitu hiki? Nitajie ofisi. Nitajie jina, nipige simu sasa hivi."

Unamjua Umuhoza. Angepiga palepale, na kesho yake angekuwa amefika Dar. Nikasema, "Sijui."

"Hujui." Akarudia maneno ya bango polepole, kama anayemsomea mtoto. "Hema safi, chai moto. Nawashukuru. Mama yangu hakusemewa hata neno moja siku ile, Baba, Mzee Mugenzi alikaa chini kama mtoto aliyefukuzwa darasani, na wewe ukawasifia chai."

Ningeweza kumweleza kwamba niliandika na mengine. Lakini angeuliza mengine yako wapi, nani aliyakata, na tungefika kwako. Nikamtazama dereva, dereva akatazama usukani.

Usiku huo alilala chumba cha mama yake, mlango umefungwa. Kanisani alikaa mbele, mimi nyuma. Tuliporudi nyumbani kula alikuwa amekwisha kwenda na basi la mchana. Mzee Mugenzi alisimama katika sebule yangu akamsemea Leah maneno yote aliyokuwa ameyatunza mwaka mzima, bila ngoma, bila mtu wa kumkatiza. Wanasema yalikuwa mazuri. Mimi nilisikia nusu, nilikuwa natazama mlango.

Nimempigia Umuhoza kila siku tangu hapo. Simu inaita mpaka inachoka. Mume wake aliipokea mara moja, akasema kwa upole, "Mzee, muache kwanza." Mjukuu wangu nilimshika mara moja tu, pale kituoni, mama yake alipokuwa anashusha begi. Ana harufu ya maziwa na sabuni ya kipande.

Sikuandikii ili ufanye kitu. Kazi yako ishike vizuri, na dawa za baba yako zisikatike. Ila kwa kuwa uliahidi zawadi ya mtoto, nakupa anwani: Umuhoza anakaa Kamembe, nyumba za walimu, ya tatu ukitoka kanisani, mlango wa kijani. Ukimwandikia barua, ataisoma yote. Yeye huanzia mwisho.

Bango bado lipo. Juzi waliliongezea taa.

Mimi sasa nimezoea kupita njia ya nyuma, ni ndefu kidogo lakini haina gari. Goti halipendi. Sina habari nyingine, mwanangu. Ukipata nafasi katika sala zako, nikumbuke.

Baba yako mkubwa,
Laurean